Bei ya Sangara Aliye Bado Majini

Wazee wangu, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka mwaloni mnakoshushia samaki, shikamooni na karibuni. Nimeombwa nizungumzie uchumi na nadharia ya udhibiti katika hisabati. Nitazungumzia sangara wa Ziwa Victoria.

Aliyewahi kushika usukani wa mtumbwi ana nusu ya nadharia tayari. Kuna hali: tuko wapi, upepo unavumaje. Kuna usukani, yaani kile kilicho mkononi mwako. Ukiugeuza sasa unapata faida ya sasa, lakini pia umechagua kesho utaanzia wapi. Ziwani, hali ni uzito wa samaki waliomo, na usukani ni kiasi tunachovua.

Zana tunayotumia ilitoka Moscow miaka ya 1950, kwa mwanahisabati Lev Pontryagin na wenzake. Pontryagin alipofuka akiwa na miaka 14, jiko lilipolipuka, na mama yake ndiye aliyekuwa akimsomea vitabu vya hisabati kwa sauti. (Wanaolalamika kwamba taa za maktaba ni hafifu, mnanisikia?) Alichoonyesha ni kwamba safari ndefu unaweza kuiamua saa kwa saa, ilimradi uipe hali bei. Kwa hiyo samaki aliyebaki majini naye ana bei, ingawa hajapanda mzani. Tunaiita bei kivuli. Faida ya kumvua leo ikizidi bei hiyo, vua. Ikipungua, mwache azae.

Sasa tushike chaki. Chukua ghuba inayoweza kulisha tani 100 za samaki, nao wakiwa wachache huongezeka kwa asilimia 40 kwa mwaka. Namba hizi ni za mfano tu, msizipeleke wizarani. Wakijaa hawaongezeki, chakula hakitoshi. Wakiwa tani 50 ndipo wanapoongezeka kwa wingi kuliko wakati wowote, tani 10 kwa mwaka. Vua hizo 10 na wajukuu watazikuta. Mtaalamu wa viumbe akifika hapa anakunja daftari lake. Mchumi bado ana swali: fedha za kununulia nyavu na injini zimetoka wapi?

Tuseme kwanza gharama ya kuvua ni ndogo. Kama fedha zina riba ya asilimia 10 kwa mwaka, hesabu inasema baki na tani 37.5, pale ambapo tani moja zaidi ikiachwa majini huzaa sawa na riba. Riba ya 20, baki na 25, na mavuno ya kila mwaka yashuke hadi tani 7.5. Riba ya 40, baki na sifuri. Sikukosea, ni sifuri. Samaki ni akiba inayozaa asilimia 40 kwa juu kabisa. Deni likizaa kama hivyo au zaidi, inalipa kuwavua wote, kuwauza na kumaliza deni. Colin Clark, mwanahisabati wa Canada, aliandika jambo hili mwaka 1973 akiwa na nyangumi akilini.

Mnajua mikopo ya kausha damu. Asilimia 10 kwa mwezi, riba ikizaa riba, inapita asilimia 200 kwa mwaka. Dagaa, wanaozaliana upesi, labda wangejaribu kushindana nayo. Sangara hawezi.

Niliwahi kusimama mwaloni karibu na ubao wa kupimia, alama ya sentimita 50 imepakwa rangi nyekundu, maana chini ya hapo sangara haruhusiwi kuvuliwa. Bwana mmoja akamlaza samaki wake. 47. Akamtazama, akanitazama mimi, akasema: "Huyu ni petroli ya kesho." Akamtupia kwenye beseni. Nimefundisha milinganyo hii miaka mingi na sijapata kusikia mtu akiieleza kwa ufupi namna ile. Bwana yule kanuni aliijua vizuri. Tatizo lake lilikuwa riba, na doria haishushi riba.

Nisiwafiche udhaifu wa mfano wangu. Kuvua kuna gharama: samaki wakiadimika, unachoma petroli nyingi kwa wachache, kwa hiyo mara nyingi uvuvi husimama kabla ya yule wa mwisho. Pia mlinganyo huu unapenda amri kali. Samaki wakiwa chini ya kiwango, funga kabisa. Wakivuka, fungua. Ziwa Tanganyika lilifungwa hivyo miezi 3 mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei. Kwenye ubao miezi hiyo ni mstari mmoja. Nyumbani kwa mvuvi ni ada ya shule, na mlinganyo hauna herufi ya ada. Ndiyo maana mimi ningeanza na mkopo nafuu wa nyavu halali, kisha ndipo nizungumze kuhusu kufunga.

Mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu tulipofika kwenye sifuri, na swali lake nadhani nalijua: nikimwacha mimi, jirani si atamvua? Atamvua. Mfano wangu ulikuwa na nahodha mmoja, na ziwa letu lina nchi tatu na mitumbwi isiyohesabika. Kwa kila mmoja peke yake, bei kivuli ni kama sifuri hata riba ikiwa ndogo. Kipaza sauti kimfikie, tafadhali, maana yeye amekaa kwenye kamati ya mwalo na mimi sijawahi.