Kazi Inayofunguliwa: Vijana, Usanii wa Kidijitali na Jumuiya za Kujifunza Mtandaoni

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya walimu, wazazi na vijana)

Waheshimiwa walimu, wazazi wetu, na ninyi vijana mliojaa viti vya mbele, asalaam aleikum na habari za jioni. Nashukuru kwa kualikwa kuzungumza mjini Tanga juu ya jambo ninalolishughulikia na kulipenda: namna vijana wanavyojifunza kutengeneza vibonzo, michezo, simulizi zenye picha na sauti, na kazi nyingine za kidijitali, wakiwa ndani ya jumuiya ya wenzao mtandaoni. Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili mnipime nayo. Kinachomfundisha kijana katika jumuiya ya namna hiyo si programu yenyewe wala kasi ya intaneti, bali ni desturi ya kuiweka kazi hadharani pamoja na utengenezaji wake, ili mwenzake aifungue, aone ilivyoundwa, aibadilishe, kisha airudishe ikiwa na jina la aliyemtangulia. Pasipo desturi hiyo, hata kompyuta mpya kabisa hubaki kuwa televisheni ndogo.

Fikra hii ina historia. Mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi Marekani, alishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon kuunda Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto, katika zama ambazo kompyuta zilikuwa mashine ghali za vyuo, majeshi na makampuni makubwa. Papert alishikilia kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi anapotengeneza kitu ambacho watu wengine wanaweza kukiona, kukichunguza na kukijadili. Msimamo huo uliendelezwa na Mitchel Resnick na kikundi chake katika maabara ya Media Lab ya chuo cha MIT, ambao mwaka 2007 waliitoa Scratch kwa umma. Nimeichagua Scratch iwe mfano wangu leo kwa sababu ndani yake mambo mawili yalizaliwa pamoja: programu ya bure ya kutengenezea kazi, na mahali pa kuonyeshana kazi hizo. Wengi husifu la kwanza. Mimi naona la pili ndilo lenye uzito zaidi, na ndilo ambalo shule zetu huliacha nje zinapofundisha.

Programu yenyewe naieleza kwa ufupi. Mtumiaji hapigi chapa amri ndefu, bali hupanga vitofali vya rangi kwenye skrini, kila kimoja kikibeba amri yake, ambavyo vimechongwa vishikane pale tu panapoleta maana, hivyo zile nukta na mabano yaliyosahauliwa, yanayowakatisha tamaa wanaoanza, hayamsumbui. Picha huchorwa humo humo na sauti hurekodiwa humo humo. Basi tutazame ukutani.

Hii ni kazi ndogo niliyoiandaa, inayofanana na zile wanazotoa wanaoanza. Mnaiona bahari ya Raskazone, na juu yake ngalawa moja yenye tanga jeupe. Vitofali vyake ni vinne: bendera ya kijani ikibofywa; rudia milele; songa hatua 10; ukigusa ukingo, geuka urudi. Naibofya bendera. Ngalawa inakwenda vizuri mpaka ukingo wa kulia wa skrini, kisha inarudi ikiwa imepinduka, tanga chini na mtumbwi juu. Kosa hili huwakuta wanaoanza wengi sana, na sababu yake ni kwamba kikaragosi, yaani picha inayosogezwa kama ngalawa hii, kinapoamriwa kurudi kilikotoka, programu huizungusha picha nzima nyuzi 180. Dawa yake ni kitofali kimoja tu, kinachoagiza picha igeuke kushoto na kulia badala ya kuzunguka pande zote.

Sasa mfikirieni kijana aliyekutana na ngalawa iliyopinduka akiwa peke yake nyumbani. Huenda akahangaika mpaka akate tamaa, au akaamua kwamba kompyuta ni kazi ya watu wengine. Ndani ya jumuiya mambo huenda vingine. Anaiweka kazi hadharani na kusema wazi kwamba ngalawa yake inapinduka. Mtu asiyemjua, pengine mdogo kwake kwa umri, anabofya kitufe cha kutazama ndani, anaviona vitofali vyote vinne vilivyopangwa, anaongeza cha tano na kuirudisha kazi. Mwenye kazi anaweka matoleo yote mawili kando kwa kando na kuona kwamba tofauti yake ni kitofali kimoja. Katika muda huo mfupi amejifunza jambo ambalo hatalisahau, kwa kuwa alikuwa na haja nalo na lilikuja kwenye kazi yake mwenyewe. Aliyemsaidia naye amejifunza, kwa maana huwezi kulisahihisha kosa la mwenzako kabla ya kuielewa nia yake.

Tuendelee hatua moja. Mtengenezaji wetu anataka maji yajae na kupwa. Anaunda kigeu, yaani nambari inayobadilika kadiri programu inavyokwenda, anakiita kina, na kukipandisha taratibu: saa sita na dakika kadhaa ambazo bahari yetu hutumia kutoka maji kupwa hadi maji kujaa, anazifupisha ziwe sekunde sita. Maji yakipwa, ngalawa hukaa mchangani na kukataa kusonga. Kazi hiyo, tuseme, inamfikia msichana aliyeko Mwanza. Ziwa Victoria halijai wala kupwa kwa kiasi ambacho mtu angekiona kwa macho, kwa hiyo sehemu ile haimfai. Anaifungua, anaifanya anga kuwa usiku, anaweka taa juu ya maji na dagaa wanaoikimbilia, na kigeu kile kile kilichokuwa kina cha maji anakigeuza kuwa mwanga wa mwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa wa ziwani hutegemea giza. Hakuna aliyemfafanulia kigeu ni nini. Amekijua kwa kukichukua kutoka kwenye bahari ya mwenzake na kukitumia kwenye ziwa lake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya ugenini. Nawakumbusha gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Katika kurasa zake malenga wa mwambao na wa bara walijibizana: mmoja hutoa swali au fumbo kwa shairi, na mwingine wa mji mwingine hulijibu kwa bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi, mara nyingi kwa vina na kituo kile kile, akimtaja aliyeuliza. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikulia katika mazingira hayo ya watunzi kusomana magazetini. Wengi wao hawakufundishwa ushairi darasani. Walihesabu mizani za wenzao, nane kwa nane, wakapima vina vya kati na vya mwisho, kisha wakathubutu kujibu. Huo ulikuwa ujifunzaji wa kijumuiya kati ya watu walioishi mbali na ambao wengine hawakupata kuonana kamwe.

Kuna tofauti moja ambayo lazima tuiangalie kwa makini. Shairi halifichi mizani yake. Ukilisoma umeliona lote, na ukitaka kujua limejengwaje unahesabu tu. Kazi ya kidijitali ni kinyume. Kibonzo au mchezo uliokamilika hukuonyesha uso wake, lakini hukufichia namna ulivyoundwa, na unaweza kuutazama mwaka mzima bila kujua kinachomfanya mhusika aruke. Ndiyo maana kile kitufe cha kutazama ndani, kinachoonekana kidogo sana, ndicho ninachokiona kuwa uvumbuzi mkubwa. Vijana wetu wanatazama video nyingi mno katika simu janja, na ustadi wa watengenezaji wake huwapita, kwa kuwa video hizo zimewafikia zikiwa zimefungwa.

Walimu wameniuliza, tena kwa haki, kama jambo hili si kunakili kwa jina zuri. Swali hili limechunguzwa. Mwaka 2013 watafiti Benjamin Mako Hill na Andrés Monroy-Hernández walionyesha kwamba, ndani ya Scratch, sifa zile zile zinazoifanya kazi ivutie watu wengi kuitengeneza upya ndizo zinazoendana na matoleo yasiyo na ubunifu mwingi: wengi hubadilisha rangi, jina, au sauti moja, wakaishia hapo. Siwezi kuuficha ukweli huo. Lakini mwaka 2016 watafiti hao, wakiwa pamoja na Sayamindu Dasgupta na William Hale, waligundua kwamba watumiaji wanaotengeneza upya kazi za wenzao mara nyingi zaidi huwa na akiba kubwa zaidi ya amri wanazoweza kuzitumia. Nikiyaunganisha matokeo hayo mawili, naona kwamba toleo moja lililobadilishwa kidogo lisitukatishe tamaa, kwa kuwa kitu cha kupimwa ni mtoto katika mwendo wake wote. Mwalimu anayemzuia mtoto kuanza na kazi ya mwenzake anamfungia mlango ambao wengi hupitia, ingawa mwalimu anayemwacha abadilishe rangi muhula mzima naye hajamsaidia.

Hapa ndipo maoni yanapoingia, na ningependa tukae nayo kidogo. Sifa tupu humfurahisha mtoto, wala mimi siikatazi, lakini haimpi la kufanya kesho. Maoni yanayofundisha hutaja kitu kilichoonekana: nilipobofya bendera mara ya pili, ngalawa haikurudi mwanzo; sauti ya mawimbi inayafunika maneno ya mzee anayesimulia; sikujua kama nisubiri au nibofye. Maneno hayo hayamhukumu mtu, yanaeleza yaliyomtokea mtazamaji, na mwenye kazi anajua mara moja aanzie wapi. Adabu hii haiji yenyewe. Hufundishwa, na njia ninayoiamini ni mwalimu kutoa maoni ya namna hiyo mbele ya wote, kuhusu kazi yake mwenyewe, kabla hajaigusa kazi ya mtoto.

Kuhusu lugha nina ushahidi unaostahili kusikilizwa. Mwaka 2017 Dasgupta na Hill walilinganisha wanaoanza katika nchi tano ambazo Kiingereza si lugha yao kuu, wakaona kwamba waliotumia Scratch kwa lugha ya nchi yao walionyesha dhana mpya za programu kwa kasi zaidi kuliko wenzao wa nchi zile zile walioitumia kwa Kiingereza. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Scratch, na tafsiri zake hutegemea watu wanaojitolea. Inasikitisha kwamba watoto wanaopewa kompyuta hapa kwetu huachiwa vitofali vya Kiingereza kwa sababu tu ndivyo vilivyojitokeza programu ilipofunguliwa. Kubadilisha lugha ni mibofyo michache tu juu ya skrini.

Wazazi wana hofu ya usalama, nami naiheshimu. Mtoto atumie jina la kubuni, asiweke picha yake, jina la shule wala namba ya simu, na mtu mzima awe anajua anakoingia. Tanzania imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini ulinzi wa kwanza ni mtoto mwenyewe kuelewa kwamba kazi yake ndiyo inayomtambulisha.

Vijana nao wajue mipaka ya kuchukua. Kazi zinazowekwa hadharani kwenye Scratch hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuzitumia na kuzibadilisha, mradi mwenye kazi atajwe na toleo jipya litolewe kwa masharti yale yale. Wimbo wa msanii uliousikia redioni hauko hivyo; una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Rekodini sauti zenu. Soko la samaki la Deep Sea alfajiri lina sauti nyingi kuliko mnavyoweza kuzimaliza.

Limebaki suala la bando, ambalo kwa familia nyingi ndilo la kwanza. Scratch hupakuliwa mara moja, ikafanya kazi bila intaneti, na kila kazi huhifadhiwa katika faili moja linalobeba vitofali, picha na sauti zote pamoja. Kikundi cha vijana kinaweza basi kupeana faili hizo kwa flashi wiki nzima, na siku moja mwenye intaneti akazipandisha zote. Ila kuna kitu kinachopotea njiani. Mtandaoni, kompyuta humtaja mwenye kazi ya awali papo hapo. Kwenye flashi hakuna anayemtaja usipomtaja wewe. Mwaka 2011 Monroy-Hernández na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu watoto wa Scratch wenyewe, wakaona kwamba watoto hao hawakutosheka na kutajwa na mashine; walichokithamini ni mtu aliyetumia kazi yao kuwashukuru kwa maneno yake. Kwa hiyo kikundi kitakachoanzia hapa Tanga kwa flashi nakiomba kiweke kanuni hii tangu faili la kwanza: kila toleo lifunguke kwa skrini iliyoandikwa na mtengenezaji mwenyewe, ikitaja kazi aliyoipokea, jina la kubuni la aliyempa, alichokibadilisha, na kile ambacho bado hajakiweza, ili atakayelipokea baada yake ajue aanzie wapi.