Uwanja wa Tano Bado Unachezwa

Mazungumzo na wazazi wanaozungumza Kiswahili, Columbus, Ohio

Wakubwa shikamooni, wadogo habari za jioni. Nimeombwa nisizidi nusu saa, na akina mama wa jikoni kule nyuma wameshaanza kuniangalia, kwa hiyo salamu nyingine tutapeana kwenye chakula.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Mzazi anafika shuleni saa kumi na nusu jioni kumwona binti yake akicheza tenisi. Anakuta nyavu tano, wasichana kumi na wanne wanacheza kwa mpigo mmoja, hakuna refa, hakuna mtangazaji, hakuna ubao mkubwa wa matokeo. Kuna vibao vidogo vya namba vinavyoning'inia kwenye nguzo ya wavu, na mara nyingi mabinti wenyewe wanasahau kuvigeuza. Baada ya nusu saa mzazi anamwuliza jirani, "Sasa nani anaongoza?" Jirani naye hajui. Wanatazama simu zao mpaka mechi inaisha.

Hapa Ohio timu inaingiza wachezaji saba. Watatu wanacheza mmoja mmoja, na wanne waliobaki wanacheza wawili wawili, yaani jozi mbili. Jumla viwanja vitano, na kila uwanja una pointi moja tu. Shule inayofikisha tatu imeshinda. Binti yako namba moja akimchapa mwenzake 6-0, 6-0, yaani seti mbili, kila moja gemu sita kwa bila, kwa dakika arobaini, kaleta pointi moja. Jozi ya pili, ambayo mwaka juzi ilikuwa haijui raketi inashikwa wapi, ikihangaika saa mbili na nusu na kuponea kwenye seti ya tatu, nayo imeleta pointi moja. Ile ile, haina punguzo.

Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema hata mkinichoka, kwamba mechi inayobana haiamuliwi na nyota. Nyota anamaliza mapema, anavaa jaketi, anakaa pembeni anakula ndizi. Mechi inaamuliwa na yule ambaye wazazi wake waliona haya kuwaambia ndugu kuwa mtoto kawekwa jozi ya pili.

Hebu tuingie kichwani mwa kocha kidogo. Tuseme wapinzani wana mabinti wawili wanaotisha, wale waliolipiwa makocha binafsi tangu wana miaka saba na wanazunguka mashindano ya vijana kila wikendi. Hao huwawezi. Na huruhusiwi ujanja wa kumpeleka bingwa wako namba tatu ili akamwonee mtu dhaifu; wanaocheza mmoja mmoja hupangwa kwa uwezo wao, na kocha anayepindua orodha hiyo anatafuta ugomvi. Kwa hiyo kocha mwenye akili anazihesabu pointi mbili kuwa zimeshaondoka kabla basi halijatoka shuleni. Anabakiwa na viwanja vitatu, na anavitaka vyote vitatu. Hapo ndipo anaweza kumchukua binti ambaye angecheza peke yake namba mbili, akampa mwenzake wamuimarishie jozi. Kesho yake kocha anapata ujumbe wa baba mtu: mwanangu kashushwa kwa nini? Mzee wangu, hajashushwa. Kapelekwa mahali ambapo pointi inapatikana.

Msidhani ni hivi kila jimbo. Michigan, majirani zetu, wanatumia viwanja vinane, wanne peke yao na jozi nne, kwa hiyo timu zinaweza kuagana 4-4. Lakini utaratibu ninaoupenda kuliko yote uko kusini mwa California. Kule kuna watatu wa peke yao na jozi tatu kila upande, na kila mmoja anakutana na wapinzani wote watatu wa kundi lake, seti moja moja. Zinapatikana seti 18. Wa kwanza kufikisha 10 ameshinda. Zikitoka 9 kwa 9, wanafungua karatasi na kuhesabu gemu zote tangu mwanzo. Fikirieni maana yake. Binti aliyefungwa 6-3 na nyota wa upande wa pili badala ya 6-1, seti ambayo kila mtu alishaisahau, anaweza kuwa ndiye aliyeiokoa shule yake kwa zile gemu mbili. Kwetu hapa gemu hazihesabiwi hivyo. Unaweza kupoteza seti ya kwanza 0-6, ukashinda mbili zinazofuata 7-6, 7-6. Umeshinda gemu 14, mwenzako 18, na pointi ya uwanja ni yako. Mimi naona wale wa California wana haki zaidi, ila wa kwetu una raha zaidi kutazama.

Sasa niwape mechi moja. Shule sizitaji, mabinti siwataji. Ilikuwa Oktoba ya mwaka jana, na mnajua Oktoba hapa jua linazama karibu na saa moja jioni na baridi inaanza kung'ata. Namba moja wetu alifungwa mapema, kama tulivyotegemea. Jozi ya kwanza ikashinda. Namba tatu akashinda seti mbili mfululizo. Namba mbili alipigana mpaka seti ya tatu, akashindwa. Mbili kwa mbili. Uwanja uliobaki ni wa tano, jozi ya pili.

Kwenye jozi hiyo mmoja ni binti wa Kikongo, wazazi wake walikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuja Marekani. Mwenzake ni mtoto wa hapa hapa. Wote wawili raketi waliijua wakiwa darasa la tisa. Pale mwanzo wa mechi hakuna aliyekuwa anawatazama isipokuwa mama mmoja. Ilipofika mbili kwa mbili, timu zote mbili zikahamia kwao. Mabinti waliokwisha kucheza wamejifunika mablanketi, vidole vimeshika wavu wa uzio, kimya kabisa, maana kelele uwanjani kwa tenisi ni aibu. Jozi iliyokuwa inacheza bila mtu kuiangalia ghafla ina watu thelathini nyuma yake. Nilimwona yule binti anafuta kiganja kwenye sketi, anadundisha mpira mara nne, mara tano, mara sita, haanzishi.

Seti moja moja. Ya tatu ikafika 6-6, wakaenda taibreka: wa kwanza kufikisha pointi saba, kwa tofauti ya mbili. Ikafika 5-5. Wapinzani wakarusha mpira mrefu, ukaanguka kwenye mstari wa nyuma. Mwenzake wa binti wetu, aliyekuwa wavuni, aligeuka na kupaza sauti, "Nje!" Binti wetu alikuwa hatua mbili kutoka ulipoanguka. Akanyoosha mkono, kiganja chini. Hiyo ndiyo ishara kwamba mpira umeingia.

Mama yake alikuwa pembeni yangu. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo nafikiri walimsikia mpaka barabarani: "Huyu mtoto anawapa bure?" (Kicheko.)

Mnacheka, lakini swali lake ndilo lililonifanya nikubali kuja leo. Kwenye mechi hizi za shule kila mchezaji ndiye refa wa upande wake. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema umetoka au umeingia, na mpinzani analipokea neno lako. Mpira ukigusa mstari hata kwa ukucha, umeingia. Ukiwa na shaka, umeingia. Huruhusiwi kujipa pointi kwa shaka. Kuomba pointi irudiwe eti kwa sababu hukuona vizuri, hakuna. Na mkiwa jozi, mmoja akasema nje na mwingine akasema ndani, mpira umeingia, pointi ni ya wapinzani. Kwa hiyo yule binti hakugawa kitu. Aliona alichokiona, na kanuni ikamalizia.

Watu wazima wanaotazama hatuna sauti hapo. Mzazi haruhusiwi kusema mpira umetoka au umeingia, hata kama amekaa juu ya mstari, na mchezaji haruhusiwi kugeuka kumwuliza. Nawaombeni sana. Mnaopenda kushangilia, shangilieni mpira mzuri, hata wa mpinzani mkiweza. Msipige makofi binti wa watu akikosea kuanzisha mara mbili. Hiyo haikatazwi tu na adabu ya tenisi. Hata bibi zenu wangewafinya.

Haya, 5-6. Wapinzani wanahitaji pointi moja kufunga kazi. Wasichana wetu wakaiokoa, kwa mpira wa juu uliowapita wale wawili vichwani. 6-6, wakabadilishana upande. 7-6, sasa sisi ndio tunahitaji moja. Mpira ukaja laini, juu, umekaa pale pale wavuni, na yule wa kwetu wa mbele kashanyanyua raketi. Wakati huo huo mpira mwingine ukaingia ukibingirika kutoka uwanja wa jirani, ambako wadogo walikuwa wanapasha. Ulikuwa na namba 3 pembeni. Mipira ina namba ili kila uwanja ujue wa kwake. Upande wa pili ukapaza sauti pointi isimame. Wana haki hiyo, mpira wa kigeni ukiingia pointi inarudiwa. Ikarudiwa. Safari hii mpira ukagonga utepe wa wavu, ukabaki kwetu. 7-7. Halafu 7-8. Halafu 7-9.

Tulifungwa tatu kwa mbili. Mabinti wakaenda wavuni kushikana mikono, na wale wa upande wa pili wakamkumbatia huyu wa kwetu kabla hawajakumbatiana wenyewe. Ndani ya basi alilia. Siwezi kuwadanganya kwamba aliambiwa maneno fulani mazuri akanyamaza. Alilia mpaka shuleni.

Wako watakaosema hizo ni mechi za watoto. Basi twende Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi kule Uingereza, Julai 2022, fainali ya wasichana wawili wawili. Wakenya mpo? (Vigelegele.) Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, dhidi ya Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Matokeo: 3-6, 6-4, 11-9. Ile 11-9 ni taibreka ndefu ya kufikisha kumi, inayochezwa badala ya seti ya tatu. Pointi mbili ndizo zilizomfanya Okutoyi kuwa Mkenya wa kwanza kubeba taji la vijana la mashindano makubwa. Wakongo msinune. Mboko wazazi wake walitoka Kongo, na Agosti 2025 alichukua ubingwa wa Kanada kule Montreal kwa kumfunga Naomi Osaka kwenye fainali. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Niwaambie pia kwa nini timu hizi za wasichana zipo, maana watoto wetu wanadhani zilikuwepo tangu dunia iumbwe. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Title IX: shule au chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kisimbague mtu kwa jinsia yake. Sentensi kuu ya sheria hiyo haitaji michezo kabisa. Lakini kabla yake, wasichana waliocheza katika timu za sekondari nchi nzima hawakufika 300,000; leo wamepita milioni 3. Viwanja vile vitano mnavyoviona nyuma ya shule vina mzizi wake hapo.

Maswali nimeyaona kwenye karatasi, nijibu upesi.

Kuhusu hijabu: mwaka 2019 hapa hapa Ohio mkimbiaji mmoja wa sekondari alifutiwa matokeo yake kwa sababu alikimbia na hijabu bila kibali cha maandishi. Suala lilifika kwenye bunge la jimbo, na mwaka 2022 ikapitishwa sheria kwamba mchezaji asidaiwe kibali cha mapema ili avae vazi la dini yake. Suruali ya kubana chini ya sketi, mikono mirefu, yote yanawezekana. Mwambieni kocha wiki ya kwanza, ili aagize jezi zinazofaa.

Kuhusu raketi: msinunue bado. Shule nyingi zina za kuazima, na mtoto anayeanza hahitaji ile ya dola mia mbili aliyoiona kwenye simu. Viatu ndivyo msivibanie. Viatu vya kukimbilia havina msaada pembeni, na tenisi ni mchezo wa kukata kona. Vifundo vya miguu vinaumia hapo.

Kuhusu binti ambaye hajawahi kucheza kabisa: ndiyo, aje. Jozi zote mbili zikiwa na watu wanne wanaoelewana, kocha anashukuru Mungu.

Na mama aliyeuliza lini: wasichana wa Ohio wanacheza msimu wa kiangazi kuelekea Oktoba, wavulana ndio wa majira ya kuchipua. Mazoezi yanaanza mapema Agosti, kabla shule haijafunguliwa, na hapo ndipo wengi wetu tunachelewa. Fomu ya daktari lazima iwe imesainiwa ndipo mtoto aguse mpira. Agosti kliniki zinajaa, kwa hiyo nendeni Juni. Nakala nimeziweka pale karibu na sufuria ya pilau, upande usio na mafuta.