Ukimtafuta babu baharia, usianze na mwaka

Sogeeni mbele jamani, viti vipo. Hili nalisema kila nikipewa maiki na leo nalirudia: ukienda kwa mzee kuuliza habari za babu yako baharia usianze na mwaka. Alizaliwa mwaka gani, alisafiri mwaka gani... mzee anakwambia mwanangu sijui, na wewe unafunga daftari unaondoka unasema wazee wamesahau. Hawajasahau, umeuliza vibaya!

Mimi miaka miwili nilimsumbua bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi yangu, kule Mafia kuhusu safari ya baba yake, sikupata kitu. Siku moja anachambua mchele uani nikamuuliza tu, bibi, aliondoka na upepo gani? Akajibu hapohapo hata kichwa hakuinua: kusi ndo inaanza, bibi yako kazaliwa juzi tu, jahazi limejaa boriti za Rufiji, akarudi na kaskazi mtoto anatambaa.

Mnaona hayo maneno? Kusi inaanza Aprili hivi, inasukuma chombo kwenda kaskazini, na ikikaza Juni Julai nahodha mwenye akili zake hatoki, kwa hiyo aliondoka Aprili au Mei. Boriti za mikoko zilikuwa zinapelekwa Arabuni na Ghuba, Kuwait nyumba za zamani zimeezekwa kwa boriti kutoka pwani hii. Kurudi lazima angoje kaskazi, Desemba mpaka Machi, na mtoto wa Aprili kufika hapo kweli anatambaa. Na siku aliyozaliwa bibi tunayo, imeandikwa nyuma ya msahafu wa nyumbani. Mwaka nilioutafuta miaka miwili ukatoka bila hata kuutaja.

Najua kuna mtu hapa anawaza, si Waingereza waliandika kila kitu? Sawa, kama babu yako alipanda meli zao za biashara, orodha za mabaharia zipo, nyingi za 1863 mpaka 1938 zimehifadhiwa Newfoundland, Canada, zina umri, alikozaliwa, mpaka meli aliyotoka. Ila unamtafuta kwa jina gani? Kwenye manowari zao watu wetu waliitwa Seedie wote, wengine wakabandikwa majina ya utani ya Kiingereza na hayo ndo yakaingia kwenye buku. Inaniuma kila nikiitaja hii. Mtu kafanyiwa akika, kapewa jina na baba yake, halafu anakuja ofisa anamwandika anavyotaka yeye! Jina lake la kweli liko kwa wazee wenu tu, kwingine halipo.

Halafu haraka haraka, ukiambiwa babu alikuwa malimu usidhani ni mwalimu wa madrasa ukakimbilia chuoni kuulizia, chomboni malimu ndo anayesoma nyota na kushika njia. Nilitaka niingie na Nairuzi, ule mwaka wa jua, mabaharia walivyokuwa wanahesabu siku kwa miongo, yaani kumi kumi, naona naoneshwa saa, basi.

Mwenye mzee Kigamboni, Kunduchi, Kisiju, aende Jumamosi hii hii. Haya, maswali.