Kamba za Mlingoti: Kwanza Tanga Lishuke

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nahodha, baharia, fundi, wote mliokuja, karibuni.

Jambo hili nimelisema gatini, nimelisema msikitini baada ya swala, na leo nalirudia hapa Mji wa Kale. Mnapofunga kamba kwenye mlingoti, fikirieni kushuka kwa tanga kabla ya kupanda kwake. Kijana akishatweka, tanga likajaa upepo, huona kazi imekwisha. Haijaisha! Achia jarari, ile kamba ya kupandishia na kushushia tanga. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikishuka kwa uzito wake mpaka chini bila mtu kuisukuma wala kupanda juu, hapo ndipo tupeane mikono.

Niliwahi kusimama nyuma ya Fort Jesus wakati wa kusi, mashua inaingia mlango wa bandari na tanga lote. Ikashuka dharuba ya mvua. Nahodha akapiga ukelele: tua tanga! Wakaachia. Foromali ikashuka kidogo, ikagoma. Wakatikisa, wakavuta, wapi! Mashua inalala ubavu, inasukumwa mwambani. Ikabidi kijana apande mlingotini na kisu, wenzake wakikaa mbali na foromali, akaikata kamba. Walisalimika, alhamdulillahi. Abedari ya mlingoti ule, yaani nyumba ya mbao ya kapi inamopita kamba, ilipoletwa ufukweni niliishika mwenyewe. Kati ya kapi, lile gurudumu, na ubao wake kidole changu cha mwisho kiliingia bila kusukumwa, na humo ndani nyuzi za kamba zimesagika, zimejikaza kama kabari. Abedari ilichongwa kwa kamba nene, wao wakapitisha nyembamba kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani.

Basi kamba na kapi vinunuliwe pamoja. Kamba ikae kwenye mfereji wa kapi, na pengo la ubavuni liwe dogo kiasi kwamba haiwezi kuingia. Kipenyo cha kapi nacho kiwe angalau mara 8 ya unene wa kamba: kamba ya milimita 12, kapi ya milimita 96 au zaidi. Kapi ndogo huikunja kamba kwa nguvu, na nyuzi za ndani hukatika huku nje inang'aa.

Najua mtaniambia siku hizi kuna injini. Injini ikizima nje ya mwamba, utarudi na nini? Tena injini haikusaidii wakati tanga limekwama juu na upepo umelijaa.

Na msiniambie nailoni ni imara. Ni imara, lakini inavutika, na ndiyo maana inafaa nanga. Mlingoti wa jahazi umeinama mbele, tanga linauvuta mbele zaidi, na henza, kamba nene inayoinua foromali, pamoja na jarari yake iliyofungwa nyuma ndiyo inayoushika usiende. Henza ikivutika, mlingoti mzima unacheza, na kila wimbi unapiga kitako chake. Wazee walitumia kamba za kumbi, nazo zilivutika, lakini walizikagua na kuzikaza kila mara. Ninyi mnafunga mara moja mnasahau. Tumieni poliesta. Ile kamba nyepesi ya plastiki inayoelea, jua letu linaila. Ukiisugua na kiganja ikatoa unga, itoe kwenye mlingoti siku hiyo hiyo.

Waya wa chuma? Chumvi inaula kwa ndani, na kapi yake ni nyingine kabisa. Tuache.

Wenye mashua za mlingoti wa aluminiamu, kule Mtwapa na Kilifi, kamba zenu zinapita ndani. Kabla ya kuchomoa ya zamani, shoneni uzi mwembamba kwenye ncha yake, uingie inapotoka, kisha uvute kamba mpya. Ukichomoa kavu kavu, mtu atapandishwa juu na kuanza kuvua ndani ya bomba lenye giza.

Naona naonyeshwa saa. Demani, kamba ya kuongozea tanga, kwa ufupi: isifungwe fundo la kukaza. Izungushwe kwenye gogo la kufungia kamba, ncha iwe mkononi mwa mtu aliye macho.  Mafundo tutayazungumza siku nyingine, jueni tu kwamba fundo laweza kula karibu nusu ya nguvu ya kamba, kwa hiyo kwenye henza sukeni ncha irudi ndani ya kamba yenyewe.

Wanaotaka kujifunza kusuka wabaki. Kamba ninazo hapa, na visu vipo.