Kusanifu boriti ya zege juu ya uwazi wa mita 4

Karibu, mtazamaji. Leo tunasanifu boriti ya zege la nondo itakayobeba ukuta na paa juu ya uwazi wa mita 4, kama ule unaoachwa mbele ya fremu ya duka katika nyumba ya tofali za saruji. Linta iliyozoeleka juu ya mlango wa mita 1 haifai hapa, kwa sababu momenti ya kupinda, yaani nguvu inayoikunja boriti katikati, hukua kwa mraba wa urefu: mzigo wa kila mita ukiwa uleule, urefu ukizidi mara 4, momenti huzidi mara 16.

Kwanza, hesabu mzigo kabla hujataja nondo. Ukuta wa milimita 230 uliopigwa lipu, wenye kimo cha mita 1 juu ya boriti, huleta takriban kilonyutoni 5 kwa kila mita (kilonyutoni 1 ni kama uzito wa kilo 100). Boriti ya upana wa milimita 230 na kina cha 400 ina 2.3, na paa tulikadirie 2.7 za kudumu, yaani uzito wake lenyewe, na 2 za muda, kama mafundi wanaolipanda. Kiwango cha BS 8110, yaani kanuni za Uingereza za kusanifu zege ambazo sasa zimeondolewa lakini wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamezizoea, huzidisha mzigo wa kudumu kwa 1.4 na wa muda kwa 1.6 ili kuacha nafasi ya usalama, nasi tunapata kilonyutoni 17.2 kwa kila mita.

Wapo wanaohesabu uzito wa pembetatu ya ukuta iliyo juu ya uwazi peke yake, kwa kuwa tofali zilizopandana hujibeba kama tao. Siishauri njia hiyo hapa: tao hudai ukuta wa kutosha juu yake na ukuta imara pembeni wa kuzuia msukumo, ilhali fremu nyingi za duka zimekaa kwenye kona.

Sasa tazama mchoro. Boriti ikilala juu ya ukuta milimita 200 kila upande, urefu wa hesabu ni mita 4.2, kwa hiyo momenti, yaani mzigo mara mraba wa urefu, kugawanya kwa 8, ni takriban kilonyutoni-mita 38. Kwa zege la daraja la 25 na nondo za nguvu ya 460 (zote kwa nyutoni kwa milimita ya mraba), tunahitaji chuma cha milimita za mraba zipatazo 280. Nondo 2 za milimita 16 zinatoa 402. Ukiona hesabu inadai nondo nyingi mno, ongeza kina kwanza, maana kina ndicho kinachozuia boriti kulegea katikati.

Nguvu ya kukata, inayotaka kuikata boriti kwenye egemeo, yaani pale inapolala ukutani, ni kilonyutoni 36, nayo ringi za milimita 8 kila milimita 200 zinaitosheleza, pamoja na nondo 2 za 12 juu za kuzishikilia.

Nondo za 16 zikae chini, zikiinuliwa kwa vipande vya zege vya milimita 25. Zikipanda hadi katikati ya kina, hesabu yote inapotea. Mwagilia zege siku 7, na mirunda ibaki angalau siku 14. Kukiwa na ghorofa juu, mzigo ni mwingine kabisa, na michoro ipitiwe na mhandisi aliyesajiliwa.