Kichwa Kikigongwa, Nani Aamue Kwenda Hospitali?

Wazee wetu, akina mama, nanyi wahudumu wa bodaboda mlioacha kazi asubuhi hii ili kuja katika ukumbi huu wa Kaloleni, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze juu ya kichwa kilichogongwa. Sisemi kile kilichopasuka damu ikatapakaa barabarani, maana juu ya hicho hakuna anayebishana, bali kile kilichopata pigo dogo, mtu akajipangusa vumbi, akasema "niko sawa" na kuendelea na safari yake. Neno hilo ndilo ninalotaka tulichunguze, kwa sababu shahidi anayelitoa ndiye huyo huyo aliyepigwa.

Kwanza niwatulize. Wengi wanaogongwa kichwa hivi hupona nyumbani kwa kupumzika tu. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, hivyo mkwaruzo mdogo huweza kulowesha shati zima, na nundu ya abiria aliyerushwa hadi kwenye dari la matatu ilipopita tuta kwa kasi hutisha kuliko inavyostahili. Kwa mtu mzima, ukubwa wa nundu si kipimo cha yaliyo ndani. Ikandeni kwa kitambaa cha maji baridi, na siagi iacheni kwa mkate. Ila mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye uvimbe kisogoni au pembeni mwa kichwa apelekwe akaonwe, hata akiwa anacheza.

Hatari yenyewe hukaa mahali ambapo jicho halifiki. Hapa kwenye panja mfupa ni mwembamba, na nyuma yake hupita mshipa wa damu. Mfupa ukipata ufa, mshipa huo huweza kuchanika, damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo, na kwa kuwa fuvu la mtu mzima halipanuki, ubongo ndio unaobanwa. Jambo hili huchukua muda. Mtu huweza kuzirai kidogo, akazinduka, akazungumza na kucheka kwa saa kadhaa, kisha akaporomoka ghafla. Mwezi Machi 2009, mwigizaji Mwingereza Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Quebec, Kanada. Alijiona mzima, akakataa kutibiwa, na gari la wagonjwa likarudi bila yeye. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma, na siku mbili baada ya kuanguka alifariki kwa damu iliyovilia namna hiyo, akiwa na umri wa miaka 45. Sisi hatuna theluji, lakini lami ya Jogoo Road ni ngumu kuishinda.

Kwa hiyo aliyegongwa asiachwe peke yake kwa saa 24 za kwanza, na anayekaa naye ndiye aamue. Mwaka 1974, madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitunga kipimo cha fahamu kinachotumiwa hadi leo: mgonjwa anafumbua macho vipi, anajibu vipi, anasogeza viungo vipi. Alama huanzia 3, na mtu mwenye fahamu kamili hupata 15. Nyumbani hamhitaji hesabu hiyo. Mwiteni jina, muulizeni leo ni siku gani na amefikaje hapo, kisha mwambieni awakamate mikono yote miwili kwa nguvu. Akirudia swali lile lile mara tatu, au mkono mmoja ukilegea, safari ni ya hospitali.

Vivyo hivyo akitapika zaidi ya mara moja, maumivu yakizidi hata baada ya parasetamoli, akipatwa na degedege, ulimi ukiwa mzito, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake, au maji maji yasiyo na rangi yakichuruzika puani au sikioni. Macho yote mawili yakipata weusi ilhali hakupigwa machoni, au weusi ukitokea nyuma ya sikio, hiyo yaweza kuwa dalili ya ufa kwenye sakafu ya fuvu.

Wapo pia wasiopaswa kungoja dalili: aliyezirai hata kwa dakika moja, mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, aliyeangushwa na pikipiki, na aliyeanguka kutoka jukwaa la mjengo au kwenye ngazi, hata zikiwa vipandio vitano tu.

Mlevi nimemweka peke yake, kwa kuwa ndiye anayedhulumiwa zaidi, nami nimo miongoni mwa waliomdhulumu. Usiku mmoja, nikiwa muuguzi mchanga, tuliletewa kijana aliyeokotwa nje ya baa. Alinuka pombe, akakoroma, nasi tukamlaza pembeni tukisema itamtoka. Karibu na alfajiri ndipo nilipomfumbua jicho nikaona mboni imetanuka. Pombe na damu iliyovilia hufanana sana kwa sura; asiyejibu vizuri na ana alama ya pigo kichwani, mhesabuni kuwa ameumia.

Najua mtaniuliza kuhusu usingizi. Aliyeonwa na daktari akaruhusiwa anaweza kulala. Ubongo wake unahitaji mapumziko. Kama mmeambiwa mmwamshe, mwamsheni hadi awajibu kwa akili zake, kwani kugeuka na kuguna hakutoshi. Asinywe pombe, asiendeshe chombo siku hiyo, na asimeze aspirini wala ibuprofeni bila kuuliza.

Nanyi wa bodaboda, msimbebe majeruhi mshikaki. Akilalamika shingo au ganzi mikononi, mwacheni alipo ikiwa ni salama, na mpige 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Kwa wazee, muda ni mrefu zaidi. Bibi aliyegonga kichwa kwenye mlango huweza kuvuja damu polepole kwa wiki kadhaa, kisha akaanza kuyumba na kusahau, nasi tukasema ni uzee. Mkumbukeni mlango ule.

Mkifika mapokezi, asemezwe yule aliyeshuhudia. Aeleze saa ya pigo, alivyoanguka, kama alizirai, ametapika mara ngapi, na mkononi awe na dawa anazotumia mgonjwa. Kama hakuna aliyeshuhudia, semeni hivyo hivyo, kwamba mlimkuta chini, kwa kuwa huenda alizirai kwanza ndipo akaanguka, na daktari atataka kupima sukari na moyo pia.