Mashine ya Tepu Nyumbani kwa Bi Cotten

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo nitazungumzia albamu moja tu, iliyotoka Marekani mwaka 1958. Aliyeipiga alikuwa mama wa miaka 65, mfanyakazi wa ndani jijini Washington, na hiyo ndiyo albamu yake ya kwanza. Anaitwa Elizabeth Cotten. Nimemchagua kwa sababu vijana wengi wapiga gitaa huniambia kazi yao imekwama wakisubiri fedha za studio.

Alizaliwa mwaka 1893 karibu na Chapel Hill, North Carolina. Alianza na banjo ya kaka yake, akiipiga kwa siri kaka akiwa hayupo. Bado mtoto, akaingia kazi za ndani kwa senti 75 kwa mwezi, akadunduliza mpaka akanunua gitaa la chapa ya Stella kwa dola 3.75. Hesabuni wenyewe: mshahara wa miezi mitano mizima.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana utamu wote uko hapa. Bi Cotten alikuwa wa mashoto na gitaa lilikuwa la mkono wa kulia. Hakuhamisha nyuzi, aligeuza gitaa lenyewe. Nyuzi nene zikaangukia chini, nyembamba zikawa juu. Wapigaji wengi wa bluzi za mashambani hushika besi kwa kidole gumba, na vidole vingine vikapiga wimbo. Kwake ikawa kinyume: vidole kwenye besi, gumba kwenye wimbo. Gumba lina nguvu, kwa hiyo wimbo wake unatoka umenona, huku besi ikitembea taratibu chini yake. Wanaomwiga kwa mkono wa kulia wanazipata noti zote, lakini uzito ule, kwa sikio langu, hawaupati.

Alipookoka akiwa kijana, wazee wa kanisa walimwambia aache nyimbo za kidunia, naye akaliweka gitaa kando kwa miaka mingi. Baadaye, akifanya kazi katika duka la Lansburgh's, Washington, alimkuta mtoto wa kike aliyepotea humo dukani, akamrudisha kwa mama yake. Mtoto alikuwa Peggy Seeger. Mama, Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki. Familia ikampa kazi ya nyumbani. Nyumba ile ilikuwa na magitaa, na wakaja kumkuta mama wa kazi ametungua moja ukutani, anapiga.

Kaka yake Peggy, Mike Seeger, ndiye aliyerekodi albamu. Hakumpeleka Bi Cotten popote. Alibeba mashine ya tepu hadi nyumbani kwake, wakarekodi mwaka 1957 na 1958, wajukuu wakiwa humo humo. Ndiyo maana nyimbo zile hazina papara. Anapiga kama mtu aliye kwake, na sidhani studio yoyote ingempa utulivu ule. Folkways, lebo ndogo ya Moses Asch huko New York, ikaitoa santuri.

Lakini santuri ilichelewa, wimbo wake mmoja ulikuwa umeshatangulia. Peggy alikuwa amekwenda Uingereza na wimbo wa "Freight Train", ambao Bi Cotten aliutunga akiwa mtoto. Wanamuziki wa huko, Chas McDevitt na Nancy Whiskey, wakaurekodi, ukavuma mwaka 1957, na walioandikishwa kuwa watunzi ni watu wengine. Ilibidi haki yake ipiganiwe ndipo jina lake likarudi. Vijana, hili linanikera mpaka leo: andikisheni nyimbo zenu kabla hazijavuka mpaka.

Kuanzia mwaka 1960 akapanda majukwaani. Kwa fedha za ziara, santuri na tuzo, akanunua nyumba Syracuse, akaishi na binti yake na wajukuu. Grammy aliipata mwaka 1985, akiwa na miaka 92.

Asch naye hakuwa mtu wa kuondoa santuri sokoni eti kwa kuwa haiuzi. Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ilipoichukua Folkways mwaka 1987, ilikubali sharti kwamba rekodi zote ziendelee kupatikana, na ya Bi Cotten ninayo hapa. Tusikilize upande wa kwanza, kisha nitapokea maswali.